Ukurasa wa Sitini na Tatu

Mwezi wa saba Valdivia haina paa.
Mvua huingia kwa mikono ya makoti,
hupanda nasi ngazi hadi ghorofa ya tatu,
ambako mimi na Eduvina Catrileo
tumegawana ukuta mmoja, birika moja
na somo moja: udongo.

Kitabu cha mtaala kiliandikwa kwingine,
kwa udongo wa kwingine,
na bei yake ni kuni za baridi nzima.
Wanafunzi walichanga watu kumi kwa nakala,
wakakipasua mgongo, wakagawana sura
kama ndugu wagawanavyo shamba la marehemu.
Belarmino alijua mmomonyoko, hakujua mbolea.
Yanira alijua mbolea, hakujua maji hupita wapi.
Kwenye mtihani kila mmoja alijibu kipande chake,
kilichobaki akamwachia Mungu.

Eduvina akasema, "Basi."
Miaka minne nilimsikia ukutani
akigonga vitufe kama kuku adonoaye bati.
Aliandika majivu ya volkano,
udongo mwepesi kama unga uliochekechwa;
alipiga picha mashimo aliyoyachimba mwenyewe,
koleo limesimama kando kuwa kipimo,
viatu vyake vimeingia pichani bila kualikwa.

Mkuu wa kitivo alimwuliza atapata nini.
"Wasomaji."
Mkuu akaandika kitu daftarini. Sijui nini.

Kisha akakiachia.
Mbele, mahali pa bei, aliweka maneno haya:
Chukua. Badili uonapo hakifai.
Taja jina langu, na lako litajwe.

Mimi nilicheka, nakiri.
Mimi ni mtu wa droo.
Maandishi yangu ya miaka kumi na tisa
hulala chini ya ufunguo, na ufunguo hulala nami.
"Kizuri chajiuza," nilimwambia,
"kibaya ndicho chajitembeza."
Akamimina chai.
"Basi na kitembee."

Kikatembea.
Ikaja barua kutoka Oruro, kule juu Bolivia,
kwa Griselda Colque, mlinzi wa usiku katika ghala la saruji,
asomaye kwenye simu yenye ufa:

"Mwalimu, niwie radhi.
Ukurasa wa sitini na tatu, jedwali la pili, safu ya mwisho:
nukta imeruka tarakimu moja.
Nimepima udongo wa shamba la mama mara tatu.
Huenda kosa ni langu."

Halikuwa lake.

Eduvina aligonga ukuta mara mbili, ishara yetu ya chai,
nikaenda nikidhani nitamkuta ameinama kwa haya.
Alikuwa akicheka. Amekwisha kusahihisha.
Jina la Griselda Colque limekaa chini ya jedwali,
herufi ndogo, nyeusi, bila haya yoyote.
"Sura hii uliisoma," akaniambia. "Mara mbili."

Niliisoma.

Usiku ule nilibaki. Nikafungua droo.
Karatasi zilinuka ukungu.
Jedwali lile lile: sote wawili tulilinakili
kwa marehemu mwalimu wetu,
naye alilinakili sijui kwa nani.
Nukta ilikuwa palepale iliporukia,
imetulia, imenenepa,
miaka kumi na tisa bila wa kuigutusha.
Nikapiga hesabu: madarasa kumi na tisa,
vichwa arobaini kila darasa.
Wengine leo ndio washauri wa wakulima.

Mtoni, nyuma ya soko la samaki,
simba-bahari walikuwa wakigombana kama kawaida yao.
Nikachukua kalamu nyekundu, nikairudisha nukta mahali pake,
kwenye nakala moja,
katika chumba kimoja,
mbele ya shahidi mmoja ambaye ni mimi.

Nikagonga ukuta mara mbili.
Alikuwa amekwenda nyumbani, nilijua;
nilimsikia akifunga mwavuli uliokataa kufungika.
Nikagonga tena.